Mkono Uliomfungua Tsawe Ulikuwa Wangu

Msumeno ulipoingia mguuni mwa Tsawe, harufu ilitoka. Nilikuwa mtoto wa miaka minane, labda tisa, mkono mmoja nimeshika kamba ya mbuzi, mkono wa pili furushi la vitambaa, na pua yangu ikajaa harufu tamu ya mti wa mhuhu, kama uliokatwa asubuhi ileile. Na mti ule ulikuwa umesimama pale tangu sijazaliwa. Kwa nje alikuwa wa kijivu, mkavu, amepasukapasuka, mchwa wamemjaribu wakamwacha. Ndani kumbe bado mbichi. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonila mpaka leo, kwamba nilisimama pale nikafurahi, nikasema moyoni huyu hajafa, fundi atamponya. Baba mdogo Kazungu alikuwa anavuta msumeno upande huu, na Sammy, muuza vinyago wa Malindi, anavuta upande ule. Unga wa mti ukawa unaangukia ndani ya kifuu tulichokuwa tukimtilia Tsawe tembo lake la mnazi. Halafu akalala chini. Wakamfunga kwenye gunia za chumvi, wakamtia nyuma ya pikapu ya Sammy, wakaenda. Ikabaki shina fupi kama kiti cha mtoto.

Tsawe ni babu, kwa Kigiriama. Sikumkuta akiwa mtu. Alikufa kabla mama hajaolewa pale. Tsawe niliyemjua mimi alikuwa kigango, nguzo ya mti yenye kichwa cha duara na mabega, imechongwa pembe tatu tatu mwili mzima, imepandwa kando ya boma la mbuzi. Mzee wa Gohu, chama cha wakubwa wa kwetu, akishazikwa, akaanza kuwajia watoto wake ndotoni analalamika kwamba ana baridi na njaa, huchongewa nguzo kama ile na kuvishwa vitambaa kiunoni na shingoni, vyekundu, vyeupe na vya buluu. Haihamishwi. Hata watu wote wakihama, yeye hubaki pale alipo. Mliolelewa bara ya Malindi mnayajua haya. Wengine mnisikilize tu.

Nina miaka mingi hapa Birmingham. Nakaa Ladywood, ghorofa ya tisa, na kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja wa Kizungu huko Harborne, Bi Margaret, mwalimu mstaafu asiyeweza kutembea. Nampikia, namwogesha, namsomea barua zake kwa Kiingereza changu cha darasa la nne na yeye ananisahihisha. Mwaka jana alikata shauri kwamba kabla hajafa anataka kuiona Alaska kwa meli ya watalii. Wanawe hawakuwa na nafasi. Akaniambia, "Utanisukuma wewe. Wewe una mikono mizuri." Nikaenda.

Meli ikatia nanga kwenye mji mdogo, mvua nyembamba, milima imeshuka mpaka majini. Tukapelekwa kwenye nyumba ya ukoo ya Watlingit, wenyeji wa pale. Nyumba pana ya mbao, mbele imechorwa kunguru kwa rangi nyeusi na nyekundu, mlango mdogo. Hatukuingia ovyo. Mama mmoja mwenyeji, wa rika langu, amejitanda blanketi lililoshonwa vifungo vyeupe pembeni, alitusimamisha nje mvuani mpaka akajitambulisha. Alisema ni wa ukoo gani kwa mamake, babake ni wa upande gani, yeye ni mjukuu wa nani. Alisema kwa lugha yake kwanza, polepole, ndipo akarudia kwa Kiingereza. Halafu akatuuliza sisi, mmoja mmoja, "Na wewe ni mjukuu wa nani?"

Watalii walicheka kidogo. Mmoja alisema babu yake alikuwa dereva wa treni. Ilipofika zamu yangu nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Bi Margaret alinigusa mkono akasema niseme tu jina. Sikuweza. Tukaingia ndani, na pale ndani kuna nguzo nne zimesimama, zina macho, zina mikono, na nyumba nzima inanuka mti, mwerezi ule wao, utamu uleule wa siku ya msumeno. Nilikaa kwenye ubao kando ya shimo la moto nikalia kama mtoto, na watu wakadhani nimeguswa na uzuri wa mahali.

Sasa nirudi nyuma. Wahusika nitawataja kwa majina, sina tena sababu ya kuwasitiri.

Babangu alikufa nikiwa bado sijatembea. Mama, Kadzo, alibaki pale mudzini, kwenye boma la ukoo, na mimi, mtoto wake mmoja. Mkubwa wa mudzi alikuwa baba mkubwa Karisa. Chini yake alikuwa Kazungu, kijana wa mjini mjini, anavaa miwani ya jua hata kwenye kibanda. Kazungu alitaka kumrithi mama, na kimila alikuwa na njia. Mama alikataa. Alikataa kwa maneno ambayo wanawake waliyarudia kisimani mwaka mzima. Alisema, "Nimekwisha lea mtoto mmoja, wa pili mwenye ndevu simtaki." Kazungu alicheka na watu. Mimi niliona anacheka nikajua yamekwisha.

Na mimi nilikuwa mke wa Tsawe. Kwetu mjukuu na babu ni watani, mjukuu wa kike anaitwa mke na babu anaitwa mume, na hakuna anayeshangaa. Wengine walikuwa wakipita mbele ya kigango wanainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nampigia kelele. "Mzee, umelewa tena? Mbona umesimama upande?" Mama alikuwa akinisikia kutoka jikoni, anasema, "Mwache mumeo apumzike, mwanamke wewe una mdomo." Mvua ikinyesha nilikuwa namhurumia. Kila mnazi mpya ukigemwa, baba mkubwa Karisa alimtilia kidogo kwenye kifuu, halafu ananiambia mimi nimkaribishe, kwa sababu mimi sikumwogopa. Nilikuwa nikifikiri kila nyumba duniani ina mzee wake amesimama nje, ni sisi tu wa kwetu anapenda utani.

Siku ile watu wote walikwenda hangani, kuna mtu amefiwa kijiji cha ng'ambo. Mimi niliachwa na mbuzi. Jua likiwa utosini nikasikia gari. Kazungu akashuka na Sammy. Sammy nilimjua, alikuwa akija kununua vinyago na mikeka, ana jino la dhahabu. Kazungu akachuchumaa mbele yangu. Hajawahi kuchuchumaa mbele yangu.

"Mke wa Tsawe, hujambo?"

"Sijambo."

"Mumeo anaumwa, unajua? Amenijia ndotoni. Anasema baridi inamwingia, mgongo umepasuka."

Nikasema najua, nimeuona mgongo.

"Umeuona na hukusema. Mke gani wewe? Hata sima hujui kusonga." Sammy akacheka. "Sasa huyu Sammy atampeleka kwa fundi, atatengenezwa, atarudi na nguo mpya. Lakini sisi wanawe hatuwezi kumfungua vitambaa. Sammy naye ni mgeni. Ni wewe tu. Wewe mnataniana naye, hawezi kukukasirikia."

Niliona ni kweli. Ni mimi tu. Nilipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamfungua kitambaa cha shingo, halafu vya kiunoni, mafundo yamekaza kwa mvua za miaka, nikatumia meno. Nilikuwa namtania huku nafungua, nasema, "Tulia mzee, unatekenywa?" Kazungu alisimama mbali, mikono nyuma. Hakumgusa mpaka kitambaa cha mwisho kilipokuwa kwangu. Ndipo wakatoa msumeno.

Kabla ya kuondoka alinishika kidevu. "Usimwambie mtu. Mke hatangazi ugonjwa wa mumewe. Akirudi watamwona wenyewe."

Nilibaki na vitambaa. Vilikuwa vyeusi kwa uchafu na mafuta ya mbarika. Nikaona aibu, mzee anarudi mpya avae matambara haya? Nikachukua kipande cha sabuni ya mche ya mama, nikavifua mara mbili, nikavianika nyuma ya jiko la mama juu ya ua. Nilimaliza nikakaa kivulini nikiwa nimejipenda sana.

Waliporudi kutoka hangani baba mkubwa Karisa ndiye aliyetangulia. Alisimama mbele ya lile shina. Hakulia. Alikaa chini kwenye unga wa mti, mtu mzima yule, akauchota kwa kiganja akaunusa. Wanawake wakapiga ukemi. Kazungu alifika nyuma yao, kwa miguu, amejipaka vumbi, akashika kichwa. Alizunguka mudzi mzima kama anayetafuta, na mwisho akafika nyuma ya jiko la mama.

"Kadzo," akaita. "Njoo hapa. Hivi ni nini?"

Mama akatazama vitambaa juu ya ua. Halafu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Kazungu, na Kazungu akanikonyeza. Ndiyo, alinikonyeza. Nikadhani tunaitunza siri yetu ya fundi. Nikanyamaza, na kwa siri hata nikamtabasamia.

Wazee waliitwa asubuhi yake. Karisa akasema hatabembeleza mtu, watu wote wa mudzi watakula kiraho. Yaani shoka linakokwa motoni mpaka liwe jekundu, mganga analipitisha kwenye kiganja chako, mwenye hatia anaungua. Wote, alisema, wakubwa kwa watoto. Nilimwona Kazungu anameza mate. Sikuelewa kwa nini aogope, yeye si anajua Tsawe yuko kwa fundi?

Mama alinivuta ndani. Alipiga magoti.

"Ni wewe uliyefua?"

"Ni mimi."

"Nani alivifungua?"

"Ni mimi. Tsawe hawezi kunikasirikia."

"Nani alikwambia?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeahidi. Aliniuliza tena na tena, akanitikisa mabega, na mimi nikabana midomo nikiwaza atakavyofurahi siku mzee akirudi. Nje tulikuwa tunasikia mivukuto ya mganga inapuliza moto. Mama akavitazama viganja vyangu kwa muda, akavifunga, akatoka nje. Nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Zimeni moto. Nimemuuza mimi."

Basi. Hawakuuliza zaidi. Karisa hakuuliza alimuuza kwa nani, wala mwanamke mmoja aliyeshinda nao hangani alibebaje nguzo ndefu kumpita kimo, wala msumeno aliupata wapi. Mama alitoka pale na kanga mbili na mimi. Wanawake alioteka nao maji, Mbodze na Dama na wengine, walimtemea mate njiani. Kazungu alisimama na wanaume. Moto wa shoka ulizimwa na mkono wake haukuguswa.

Mwezi mmoja baadaye alikuwa na baiskeli mpya. Hilo nililisikia nikiwa mbali.

Tulikwenda kwenye mashamba ya chumvi, Gongoni. Mama alikuwa akikwangua chumvi na kubeba, amezama mpaka vifundoni, na nyayo zikawa na mipasuko inayoingia kidole. Shule niliacha, maana hakukuwa na wa kunilipia. Kila pikapu ikipita barabarani nilikuwa nakimbia kutazama nyuma yake. Nilimngoja Tsawe. Nilimngoja miaka miwili, mitatu, na sijui ni siku gani niliacha, hakuna siku niliyosema sasa basi. Mama hakuwahi kunipiga wala kunilaumu. Mara moja tu, ameanza kukohoa, alinishika mikono akaniambia, "Hii haina neno. Wewe ulikuwa unafua tu." Nilidhani anasema habari ya nguo za matajiri nilizokuwa nafua siku zile. Akafa. Amezikwa kwenye makaburi ya serikali kando ya barabara, kati ya watu wasio na kwao, na hakuna hata mmoja wa mudzini aliyekuja kumlilia. Mimi nikachukuliwa na familia moja ya Kihindi, kazi ya nyumbani, Malindi, halafu Mombasa, halafu walipohamia huku kwa ndugu zao wakaja na mimi. Ndivyo nilivyofika Birmingham.

Nilipokuwa mkubwa nilijua bila shaka kwamba Tsawe aliibwa. Hivyo vigango viliibwa vingi, vimesimama kwenye majumba ya makumbusho ya watu na sebuleni kwa matajiri, vimewekewa taa. Lakini nilijidanganya kwamba Kazungu alinitumia kwa sababu nilikuwepo tu, mtoto yuko karibu. Sikuwa nimefika mwisho wa jambo.

Yule mama wa Kitlingit ndiye aliyenifikisha. Nilipokuwa nimekaa pale nalia, aliwaacha watalii wapige picha, akaja akakaa karibu na mimi. Hakuuliza kwa nini. Alinieleza zile nguzo, hii ni ya nani, hii ilitoka nyumba gani. Alisema mojawapo ilichukuliwa zamani, ikakaa makumbusho ya mbali, na iliporudi waliipokea kwa jina, wazee wakaisemesha kama mtu aliyetoka safari, wakamlisha. Alisema hizi si pambo. Watoto wao wanacheza ngoma mbele yake kila mara, wanapelekwa kusalimia. Halafu akasema jambo hili, kwamba kwao kazi ya kuchonga na kusimamisha nguzo haifanywi na wenyewe. Hufanywa na watu wa upande wa pili, watu wa kunguru wakiwafanyia wa tai, na wa tai wakiwafanyia wa kunguru, kwa sababu mkono wa mwenyewe haufai kwa kazi hiyo.

Nikamwuliza, "Na mtu akitaka kuiiba?"

"Angehitaji mkono wa mwingine," akasema.

Palepale nikamwona Kazungu amesimama mbali, mikono nyuma, anangoja kitambaa cha mwisho. Hakuwa anacheza na mtoto. Aliamini. Mtu yule aliamini kabisa kwamba anayemfungua mzee ndiye atakayebeba laana, akazunguka mudzi mzima akachagua nani abebe, akamchagua mtoto wa mwanamke aliyemkataa. Alijua kinachoweza kunipata. Akanichuchumalia.

Nilimwambia yule mama yote, kwa Kiingereza changu kibovu. Aliponisikiliza alisimama, akaniuliza tena lile swali la mlangoni, na safari hii nikajibu. Nilisema mimi ni mjukuu wa Ngala wa Gohu, mtoto wa Kadzo. Akalirudia jina la mama mbele ya zile nguzo kwa sauti, mara mbili, vizuri kabisa. Tangu mama afe sijawahi kusikia jina lake likitajwa ndani ya nyumba ya watu kwa heshima. Na ilibidi niende mpaka mwisho wa dunia, kwa watu wasionijua, ndio litajwe.

Nimerudi Birmingham. Nilitafuta namba ya Kazungu wiki tatu. Ni mzee sasa, mzee wa kanisa, ana nyumba ya vigae, na moyo wake ni mgonjwa, wanawe wameambiwa wajiandae. Nilimpigia mchana, nimetoka kazini, nimesimama kituo cha basi Harborne mbele ya duka la maua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nani?"

Nikamtajia.

"Haa, mwanangu wa Ulaya. Mmetusahau. Huko baridi?"

"Baridi ipo. Baba mdogo, nakuuliza habari ya Tsawe."

"Tsawe gani tena?"

"Uliyemkata."

"Mimi nimeokoka, mwanangu. Mambo ya mizimu tuliyaacha huko."

"Sikuulizi mizimu. Nakuuliza mama."

"Mamako alikiri mwenyewe, mbele ya wazee. Mimi ningesema nini?"

"Ungesema ni wewe."

"Na wewe je? Si ulikuwepo? Aliyemfungua nani?" Pumzi ilikuwa inamkata. "Usije ukaniharibia uzee wangu. Watoto wangu hawajui haya."

Akakata. Nimempigia tena mara nyingi, sasa anapokea binti yake, anasema baba amelala. Sammy yuko Malindi, ana duka kubwa la vinyago, nilimtumia ujumbe akasema alikuwa akinunua vitu vingi, hakumbuki, na Mzungu aliyemuuzia hakuacha jina. Karisa amekufa akiamini uongo. Mbodze yu hai, na Dama. Tsawe simtarajii. Sijidanganyi, nguzo ile huenda imesimama kwenye chumba fulani cha watu na hakuna anayejua imesimamia nini. Mwenyewe nimezeeka, sina la kumrudishia mama miguu yake.

Lakini wewe Kazungu bado unapumua, na wanao watalisoma hili. Nakutaka ubebwe ukipenda, kwa kiti au kwa kitanda, upelekwe mudzini, waitwe Mbodze na Dama na wote walio hai, aitwe na Sammy wako, na useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba Kadzo hakumuuza mtu, kwamba alijitia kwenye kosa lako ili mtoto asiunguzwe mkono, nawe ukamwacha. Halafu aliliwe hanga lake. Nijibu kabla hawajakuzika, Kazungu. Unakwenda lini?